Mbegu ya Kuombana: Sheria Inasema Nini Sasa kwa Mkulima wa Matuga

Mvua za mwaka zinapokaribia, katika vijiji vya Golini, Mkongani, Tiwi na Waa huanza shughuli ambayo haiandikwi katika daftari lolote la serikali. Mahindi yaliyotundikwa uchagani juu ya meko, yakakaushwa kwa moshi tangu mavuno, huteremshwa na kupukuchuliwa. Aliyebaki na mbegu huzipanga kwa ajili ya shamba lake. Aliyekosa huenda kwa shangazi au kwa jirani, akarudi na kibaba cha kunde, kopo la matsere au mzigo wa pingili za muhogo. Halipi chochote. Msimu ujao huenda akawa yeye ndiye anayegawa.

Ukame uliolikumba eneo la Pwani na sehemu nyingine za nchi kati ya mwaka 2020 na 2023 ulionyesha umuhimu wa desturi hiyo. Misimu ilipofeli mfululizo, familia nyingi zilikula hata akiba ya mbegu. Mvua iliporudi, waliokuwa na fedha walikwenda katika duka la pembejeo. Wengine waliombana.

Wachache walijua kwamba, kwa jinsi sheria ilivyokuwa imeandikwa, kuombana huko kungeweza kumfikisha mtu mahakamani. Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilitoa uamuzi uliobadilisha hali hiyo. Makala haya yanaeleza sheria ilisema nini, mahakama iliamua nini, na mkulima wa Matuga anaweza kufanya nini leo na mbegu iliyo mkononi mwake.

Sheria iliyoleta mvutano

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ambayo ni Sura ya 326 ya Sheria za Kenya, ilipitishwa mwaka 1972. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kumlinda mkulima. Mtu anaponunua pakiti ya mbegu hawezi kujua kwa macho kama itaota, kama ni aina iliyoandikwa kwenye pakiti, au kama imebeba ugonjwa. Kwa hivyo sheria ilitaka mbegu za biashara zikaguliwe shambani, zipimwe katika maabara na kuwekwa kibandiko kabla ya kuuzwa. Kazi hiyo leo inafanywa na Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea, KEPHIS.

Sababu ya ukaguzi bado ipo. Ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2011, katika eneo la Bomet, unaweza kusafiri ndani ya mbegu. Hapa Pwani, michirizi ya kahawia na batobato za muhogo husambaa kupitia pingili ambazo watu hupeana bila kujua kwamba zimeambukizwa. Muhogo wa kibandameno, unaopendwa kwa utamu wake, umeumia sana kwa michirizi hiyo: majani yanaweza kuonekana mazuri, lakini ukichimba mzizi unaukuta umeoza ndani.

Tatizo lilikuja pale kanuni zilizofaa pakiti ya dukani zilipowekwa juu ya kibaba cha jirani. Sheria iliporekebishwa mwaka 2012 na kanuni zake kukazwa, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa kukawa kosa. Adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Wakaguzi pia walipewa uwezo wa kuingia mahali palipohifadhiwa mbegu, zikiwemo hazina za mbegu za vikundi vya wakulima, na kuzitwaa.

Mkulima wa kienyeji hakuwa na njia rahisi ya kuihalalisha mbegu yake. Ili aina ya mbegu isajiliwe, ni lazima mimea yake yote ifanane na ibaki vile vile kizazi baada ya kizazi. Mbegu za kienyeji haziko hivyo. Katika shamba moja la mdzihana utapata hindi lenye punje nyeupe tupu na jingine lenye punje za rangi mbili tatu, shina refu na shina fupi. Tofauti hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu mvua ikikatika mapema mimea mingine hufa na mingine huzaa. Hata hivyo, kwa vipimo vya usajili, tofauti hiyo ni kasoro.

Haki ya aliyeigundua mbegu

Sheria hiyo hiyo ina upande wa pili. Inampa mtu au kampuni iliyotengeneza aina mpya ya mmea haki ya kuimiliki kwa muda. Haki hii huitwa haki ya mgunduzi wa mbegu. Mwenye haki ndiye anayeamua nani azalishe mbegu hiyo kwa ajili ya kuuza, na kwa malipo gani.

Kenya ilijiunga na Muungano wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, UPOV, mwaka 1999 chini ya mkataba wa mwaka 1978. Mwaka 2016 ikaingia katika mkataba mkali zaidi wa mwaka 1991. Chini ya mkataba huo, haki hudumu kwa muda usiopungua miaka 20, na miaka 25 kwa miti na mizabibu. Mkataba wa zamani ulimwachia mkulima nafasi kubwa ya kuweka na kubadilishana mbegu kutoka mavuno yake. Mkataba wa 1991 uliibana nafasi hiyo: kila nchi inaweza kumruhusu mkulima kupanda tena mbegu ya mavuno yake katika shamba lake mwenyewe, kwa mipaka itakayowekwa na sheria, lakini ruhusa ya kumpa jirani haimo.

Wapo wanaochanganya haki hii na hataza. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi, kama vile mashine au dawa. Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema kwamba aina za mimea haziwezi kupewa hataza. Lakini kifungu hicho hicho kinaacha mlango wazi kwa sehemu za mmea na kwa bidhaa zinazotokana na teknolojia ya kibayolojia. Kwa maneno mengine, huwezi kupata hataza ya mhindi mzima, lakini chembe ya urithi iliyopachikwa ndani yake kwa teknolojia inaweza kuwa na mwenyewe.

Tofauti hiyo imeleta kesi kubwa kwingineko. Nchini Marekani, mkulima mmoja wa jimbo la Indiana alinunua soya za kawaida kutoka ghala la nafaka, akazipanda, akahifadhi mbegu na kupanda tena msimu baada ya msimu. Soya hizo zilikuwa na chembe ya urithi iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Monsanto. Mwezi Mei 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kuzipanda ili zizae nyingine ni kunakili uvumbuzi wa kampuni bila ruhusa. Alikuwa amezilipia soya zile, lakini haki ya kuzizalisha haikuwa yake.

Kwa nini kampuni chache zina nguvu nyingi

Katika miaka ya karibuni, biashara ya mbegu duniani imeingia katika mikono michache. Mwaka 2017, ChemChina ya Uchina iliinunua Syngenta ya Uswisi, na kampuni mbili za Marekani, Dow na DuPont, zikaungana. Kutoka kwao ikazaliwa Corteva mwaka 2019. Mwaka 2018, Bayer ya Ujerumani ikainunua Monsanto, na sehemu ya biashara hiyo ya mbegu ikachukuliwa na BASF, pia ya Ujerumani. Kampuni hizo nne zinakadiriwa kushika takriban nusu ya biashara ya mbegu duniani. Kampuni hizo hizo huuza pia dawa za kuua magugu na wadudu.

Hapa nchini hali ni tofauti kidogo. Kampuni kubwa ya mbegu, Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, inamilikiwa kwa sehemu kubwa na serikali. Aina nyingi zinazofaa Pwani zilitokana na utafiti wa umma. Kituo cha utafiti cha Mtwapa ndicho chimbuko la mahindi ya Coast Composite yaliyotolewa mwaka 1974, na baadaye Pwani Hybrid 1 mwaka 1989 na Pwani Hybrid 4 mwaka 1995. Kituo hicho, ambacho leo kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ndicho pia kilichotoa mihogo kama Tajirika, Shibe na Karembo, ambayo hustahimili magonjwa kuliko kibandameno. Mkulima wa Matuga amefaidika na kazi hiyo, na hakuna sababu ya kuikataa.

Hata hivyo, wataalamu wa utafiti nao walianzia mahali fulani. Mahindi yalifika Pwani yetu na Wareno karne ya 16, na kwa miaka mia kadhaa waliochagua hindi la kuhifadhi na la kula walikuwa wakulima wenyewe, wengi wao wanawake. Mdzihana, mengawa na kanjerenjere ni matokeo ya kazi hiyo. Vivyo hivyo mpunga wa kitumbo na supaa katika mabonde ya Pwani. Waliozitengeneza mbegu hizi hawakuomba haki ya mgunduzi, na kama wangeomba, vipimo vya kufanana vingewatoa nje.

Inakadiriwa kwamba asilimia 80 au zaidi ya mbegu zinazopandwa na wakulima wadogo nchini hutoka katika akiba zao, kwa majirani na katika masoko ya karibu. Sheria iliyofanya kubadilishana mbegu hizo kuwa kosa ilikuwa imewageuza wakulima wengi kuwa wahalifu bila wao kujua.

Kesi ya Machakos

Mwaka 2022, wakulima wadogo 15 walipeleka malalamiko yao katika Mahakama Kuu ya Machakos. Hoja yao ilisimama juu ya Katiba ya 2010. Ibara ya 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za asili, sifa zake, na matumizi yake na jamii za Kenya. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutopatwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Wakulima walisema kwamba sheria ilimpa mgunduzi na kampuni haki nyingi, na mkulima ikamwachia adhabu.

Jaji Rhoda Rutto alikubaliana nao. Alitangaza kwamba vifungu vilivyofanya kuhifadhi, kugawana, kubadilishana na kuuza mbegu za kienyeji kuwa kosa vinakwenda kinyume cha Katiba. Vifungu vilivyowapa wakaguzi uwezo wa kuvamia hazina za mbegu navyo vilianguka, pamoja na vile vilivyowapa wagunduzi haki pana bila kumlinda mkulima.

Uamuzi huo haukuifuta sheria yote. Ukaguzi wa KEPHIS kwa mbegu za biashara bado upo, na pakiti bado inahitaji kibandiko. Aidha, kama uamuzi wowote wa Mahakama Kuu, unaweza kukatiwa rufaa. Lakini Kenya haiko peke yake katika njia hii. Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2003, unatambua mchango wa wakulima katika kuzalisha mbegu. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima wadogo linataja wazi haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu zao. Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, Tanzania imeweka daraja maalumu la mbegu linalomruhusu mkulima aliyesajiliwa kuzalisha mbegu na kuwauzia wenzake wa eneo lake, akikaguliwa na ofisa wa wilaya, bila kupitia masharti yote yanayowekewa kampuni.

Hatari ambayo hukumu haikuiondoa

Hukumu imerudisha haki ya kugawana. Haikurudisha mbegu iliyopotea, wala haikumwandika mtu yeyote kuwa mwenye mbegu. Hapo ndipo kazi ya jamii na ya Kaunti inapoanza.

Hatari ya kwanza ni mbegu kutoweka. Aina ya kienyeji haina ghala la kampuni la kuihifadhi. Familia tatu zinazoipanda zikiacha, au ukame ukiwafanya waile yote, aina hiyo imekwisha. Mahindi pia huchavushwa kwa upepo: mdzihana iliyopandwa kando ya shamba la mahindi ya dukani huchanganyika nayo, na baada ya misimu michache jina linabaki ilhali mbegu yenyewe imebadilika.

Hatari ya pili ni mbegu kuchukuliwa. Katika mkataba wa UPOV, mgunduzi si yule tu aliyeizalisha aina mpya; ni pamoja na aliyeikuta na kuiendeleza. Mtu anaweza kuchukua mbegu kijijini, akachagua mimea inayofanana kwa misimu kadhaa, kisha akaomba haki. Atakayepinga atatakiwa aonyeshe kwamba aina hiyo ilikuwa inajulikana tayari. Kama haijaandikwa popote, ushahidi wa bibi peke yake utakuwa na kazi ngumu mbele ya afisa wa usajili.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1999, mfanyabiashara mmoja wa Marekani alipewa hataza ya maharagwe ya manjano aliyoyanunua nchini Mexico, ambako wakulima walikuwa wakiyapanda tangu zamani. Akaanza kudai malipo kutoka kwa walioyaingiza Marekani kutoka Mexico. Ilichukua hadi mwaka 2008 kwa ofisi ya hataza kuifuta, na 2009 kwa mahakama kukubali kwamba ilifutwa kwa haki. Kilichosaidia sana ni kwamba kituo cha utafiti cha kimataifa nchini Colombia kilikuwa na sampuli za maharagwe kama hayo katika hifadhi yake, zenye kumbukumbu. Karibu nasi zaidi, kampuni moja ya Uholanzi ilipata hataza ya Ulaya juu ya unga wa tefu, nafaka ambayo Waethiopia wameila kwa karne nyingi. Mwaka 2018 mahakama ya mjini The Hague iliamua kwamba hataza hiyo haikuwa na uhalali nchini Uholanzi, kwa kuwa hapakuwa na uvumbuzi ndani yake.

Katika kesi zote mbili mwenye mali alishinda mwishowe, lakini baada ya miaka mingi na gharama kubwa. Kumbukumbu iliyoandikwa mapema ni nafuu kuliko kesi.

Kazi ya Kaunti kisheria

Kilimo ni jukumu lililogatuliwa. Zaidi ya hapo, Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kufanya usajili wa kwanza wa maarifa asilia ya jamii zilizo ndani ya mipaka yao, kuyakusanya, kuyahifadhi na kuyalinda. Jinsi ya kuchagua, kukausha na kutunza mbegu, na kujua aina ipi inafaa udongo wa mchanga wa Tiwi na ipi inafaa miteremko ya Shimba Hills, ni maarifa ya namna hiyo.

Usajili huo hauwezi kufanywa kutoka ofisini pekee. Unahitaji majina ya mbegu kama yanavyotamkwa na Wadigo, Waduruma, Wakamba na wengine wanaolima Matuga, maelezo ya sifa zake, na majina ya vijiji zinakopandwa. Wenye habari hizo ni wazee na akina mama wa vijijini. Kikundi kinachoanza leo kuandika mbegu zake katika daftari la kawaida, na tarehe, kitakuwa na kitu cha kuwasilisha.

Kwa hifadhi ya muda mrefu, taifa lina Hazina ya Mbegu iliyoko Muguga, Kaunti ya Kiambu, chini ya KALRO. Ilianzishwa mwaka 1988 na hutunza maelfu ya sampuli za mbegu katika baridi kali. Sampuli iliyowekwa huko na kumbukumbu zake ni kinga dhidi ya ukame, na pia ni ushahidi dhidi ya anayetaka kuimiliki.

Maswali ambayo wakulima huuliza

Je, naweza kumgawia jirani mbegu zangu za kunde, pojo au mahindi ya kienyeji?
Ndiyo. Kwa mujibu wa uamuzi wa Novemba 2025, kuhifadhi, kugawana na kubadilishana mbegu za kienyeji si kosa.

Naweza kuziuza sokoni Kombani?
Uamuzi uligusa pia kuuza mbegu za kienyeji. Lakini usiziite mbegu zilizoidhinishwa, wala usizitie katika pakiti yenye nembo ya kampuni. Huo ni udanganyifu, na hukumu haikuuhalalisha. Anayetaka kufungua biashara kamili ya mbegu bado anatakiwa kuwasiliana na KEPHIS kwa ajili ya usajili.

Nimevuna mahindi ya haibridi. Naweza kuweka mbegu?
Hapa tatizo la kwanza ni maumbile. Haibridi ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa. Ukipanda punje zake, kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza na mavuno hushuka. Ndiyo maana mwenye kupanda haibridi hulazimika kurudi dukani kila msimu, hata kama hakuna hataza wala askari. Coast Composite si haibridi. Mbegu yake inaweza kuhifadhiwa kwa misimu kadhaa ikichaguliwa vizuri. Kunde na pojo hujichavusha zenyewe, kwa hivyo hubaki na sifa zake kwa muda mrefu.

Nitajuaje kwamba pakiti niliyonunua si bandia?
Pakiti iliyoidhinishwa ina kibandiko cha KEPHIS. Kikwaruze, kisha tuma namba iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Jibu litakueleza mbegu hiyo ni ya aina gani na imetoka kwa nani. Fanya hivyo kabla ya kuondoka dukani, na uhifadhi risiti.

Je, nichague ya dukani au ya kienyeji?
Si lazima uchague moja. Wakulima wengi hupanda zote mbili: ya dukani kwa mavuno makubwa mvua ikiwa nzuri na mbolea ikipatikana, ya kienyeji kwa sababu unga wake unapendwa, hukaa ghalani bila kushambuliwa haraka na dumuzi, na haidai fedha. Hatari iko katika kuiacha kabisa mojawapo, hasa ile ambayo huwezi kuinunua tena.

Kuitunza mbegu ibaki mbegu

Haki ya kugawana ina maana tu kama kinachogawanwa ni kizima. Maafisa wa kilimo nyanjani hushauri yafuatayo kwa mahindi ya kienyeji:

Chagua mmea ungali shambani, si hindi likiwa tayari kwenye rundo. Tia alama kwenye mimea yenye afya, isiyolala, iliyozaa vizuri ingawa haikupata nafasi ya upendeleo kama ukingo wa shimo la samadi.

Chukua kutoka katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Umbali wa mita 200 hutosha kwa kiasi kikubwa. Asiyekuwa na nafasi hiyo anaweza kutofautisha muda wa kupanda kwa wiki tatu au nne ili maua yasikutane.

Usiweke mbegu kutoka mahindi mawili matatu mazuri tu. Chukua kutoka mimea mingi, hamsini au zaidi ikiwezekana, ili nguvu ya aina hiyo isipungue.

Tumia punje za katikati ya hindi. Zikaushe vizuri, zichanganye na jivu safi, kisha uzifunge katika chombo kisichopitisha hewa.

Kabla ya mvua, otesha punje 100 katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota 85 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota chache, tafuta nyingine mapema kabla hujapoteza msimu.

Kwa muhogo, usikate pingili kutoka shina lenye majani yaliyojikunja au yenye madoa ya manjano. Chimba mzizi mmoja na uupasue: ukiona alama za kahawia ndani, shina hilo lisipewe mtu. Hapa ndipo ukarimu wa jirani unaweza kugeuka hasara kwa kijiji kizima.

Wakulima wanaotaka kuandikisha mbegu zao za kienyeji, au vikundi vinavyofikiria kuanzisha hazina ya mbegu ya kijiji, wanashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao: Tsimba Golini, Waa, Tiwi, Kubo Kusini au Mkongani. Waende na kiasi kidogo cha mbegu, jina lake kama linavyotumika nyumbani, na jina la aliyewapa. Kama aliyewapa bado yu hai, ni vyema aende nao.